Magugu ya jirani yananimalizia bustani

Shikamoo Bibi Shamba,

Nakuandikia nikiwa nimechoka kwelikweli. Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba, hatua kumi na mbili kwa nane, ninayoilima kwa mikono yangu mwenyewe. Nyanya, karoti, vitunguu, viazi, na maua kidogo kando ya njia. Siuzi chochote. Ndiko ninakotulia nikirudi kazini, na wanangu wawili wamejifunzia humo namna mbegu inavyopasua udongo.

Kati yetu na jirani kuna uzio wa wavu tu. Upande wa pili anaishi mzee mmoja peke yake. Zamani bustani yake ilikuwa ya kupendeza kuliko zote hapa mtaani, maana mkewe alikuwa mkulima hasa. Tulikuwa tukipeana miche juu ya uzio, na mawaridi niliyonayo ni vipando alivyonikatia yeye. Mama huyo alifariki mwaka juzi, Mungu amrehemu. Tangu hapo hakuna mkono uliogusa bustani ile. Sasa ni pori. Magugu yamefika kifuani, na yote yanahamia kwangu.

Niyaeleze ili unielewe. Kuna moja lenye majani yaliyochanikachanika kama ya karoti na viua vidogo vyeupe. La kwanza kuota upande wangu nililiacha wiki mbili nikidhani ni karoti zangu zimejiotea. Kuna lile la mbegu nyeusi zinazong'ang'ania nguo, kila jioni nabandua soksi za watoto. Kuna nyasi yenye mizizi myeupe mirefu inayopita chini ya uzio, ncha yake kali kama sindano. Na kuna lingine linalofanana na nyasi, majani ya kung'aa, nikichimba nakuta vinundu vyeusi kama shanga kwenye uzi. Hili ndilo linaloniliza. Msimu uliopita nilivuna viazi vikiwa vimetobolewa toka upande mmoja hadi mwingine.

Si kwamba nimekaa tu. Kila Jumamosi nashika jembe, nakatakata yote, nalainisha udongo mpaka unakuwa kama unga. Wiki ya pili yamerudi, tena mengi zaidi. Mwaka juzi hata nilinunua udongo mzuri, lori dogo zima, nikainua matuta nikitumaini mazao yatayazidi nguvu. Wapi! Ndiyo kwanza yakachanua.

Mwezi uliopita mwanangu mdogo alinisaidia kung'oa yale yenye viua vyeupe, usiku mikono ikamwasha na kuvimba vipele. Kesho yake nilimwona mzee barazani kwake, nikamwambia kwa sauti kutoka upande wangu, "Baba, haya magugu yako yatatumaliza!" Akanitazama kidogo, akasema, "Hiyo bustani si yangu, ni ya mama," akaingia ndani. Tangu siku hiyo salamu anaitikia, lakini hasimami tena kuongea.

Mume wangu ameshanunua dawa ya kuua magugu na bomba la kupulizia liko tayari. Anasema tupulizie alfajiri mzee akiwa amelala, tumalize habari. Mama mkwe anashauri tumwage chumvi mstari mzima wa uzio. Mimi roho inasita. Je, tupulizie? Sheria inasemaje mtu akiacha ardhi yake ikawa pori na kuharibu ya mwenzake? Na nikirudi kwa mzee, nimwambie nini?

Mwanao, niliyechoka na jembe

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole zaidi kwa mtoto, na nitaanza na yeye kabla ya bustani.

Gugu lenye majani ya karoti na viua vyeupe ni gugu karoti. Limepewa jina hilo kwa sababu limewadanganya wengi kama lilivyokudanganya wewe. Ukitaka uhakika, chuma ua moja uliweke kiganjani: ni kifungo cheupe kidogo kuliko punje ya mahindi, na ukikikazia macho utaona kina pembe tano ndogo. Utomvu na chavua yake huwasha ngozi za watu wengi, na mwenye pumu linaweza kumbana kifua. Kibaya ni kwamba ngozi ikishalikataa mara moja, mara nyingi hulikataa kwa ukali zaidi kila likigusa tena. Kwa hiyo huyo mdogo asiling'oe tena, hata kwa glavu. Vipele vikirudi au akianza kukohoa, mpeleke kwa daktari na umtajie mmea wenyewe. Wewe unapoling'oa, vaa mikono mirefu na glavu, usijiguse uso, na nguo ulizovaa zifuliwe peke yake.

Sasa bustani. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama mahali palepale. Umeniandikia kwamba magugu yote yanatoka kwa jirani. Mwanangu, matatu yanatoka kwake, ndiyo. La nne, lile linalokuliza, ni lako.

Lile la vinundu kama shanga ni ndago. Kalichume shina lake ulizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Halitazunguka vizuri kama shina la nyasi, litakukwama, kwa kuwa lina pembe tatu. Ndago si nyasi kabisa, na karibu haienei kwa mbegu, kwani mbegu zake nyingi haziwi hai. Inaenea kwa vile vinundu. Kinundu hakina mabawa ya kuruka uzio wala miiba ya kushika soksi. Ndago husogea polepole kwa mizizi, au husogea haraka ikibebwa ndani ya udongo. Nawe umeniambia mwenyewe kwamba mwaka juzi ulileta lori la udongo ukainulia matuta, na tangu hapo ndipo yakachanua. Mwaka huohuo ndio mama wa watu alifariki na bustani yake ikaachwa, basi macho yako yote yakaelekea uzioni, na ningekuwa wewe nami ningetazama hukohuko. Lakini nenda ukahakikishe. Kama ndago imejaa katikati ya matuta na ni chache karibu na uzio, imeingia na lori. Kama imesongamana uzioni na kupungua kadiri unavyoingia ndani, nitakuwa nimekosea, na nitafurahi ukiniandikia kunisahihisha.

Halafu kuna lile jembe la Jumamosi. Vinundu vya ndago vimeungana mnyororo, na katika mnyororo kile cha mbele hutawala. Kikiwa hai na kimeshikana na wenzake, wengi wa nyuma wanalala. Ukija na jembe ukaukata mnyororo vipandevipande, kila kinundu kinabaki peke yake, hakuna tena wa kukizuia, kinachipua. Umelala Jumamosi na ndago moja, umeamka na kumi. Ule udongo laini kama unga unaousifia, mwanangu, umekuwa kitalu cha ndago. Na sindano zinazotoboa viazi ni machipukizi yake. Hayajali kilichosimama mbele yao, hata karatasi ya plastiki iliyotandazwa juu ya tuta huitoboa yakatokea juu.

Sikuelezi haya kukulaumu. Nakueleza kwa sababu unataka kwenda kwa mzee wa watu na mzigo wa magugu manne, na mzito kuliko yote haumhusu. Ningependa uende na kweli tupu mkononi.

Ndago inamalizwa kwa njaa. Kila jani linapotokea juu linatumia akiba iliyo kwenye kinundu, na kabla halijatimiza mwezi huanza kurudisha: linatengeneza vinundu vipya. Wewe uwahi hapo katikati. Kila baada ya siku kumi hadi kumi na nne pita ukate majani chini kabisa, usawa wa udongo, kwa kisu au kijembe chembamba, bila kuuvuruga udongo. Usiruke zamu hata moja, maana zamu moja ukiiruka unairudishia yote uliyoinyang'anya. Hesabu misimu miwili, pengine mitatu. Na ipandie kivuli, kwani ndago ni mtoto wa jua na chini ya majani mazito hunyong'onyea. Tuta lililoathirika zaidi lipumzishe viazi na vitunguu. Vitunguu hasa havina kivuli chochote, ni kama kuiandalia ndago karamu. Panda kitu kinachotambaa na kufunika ardhi yote, viazi vitamu au maharage yaliyobanana.

Wakati wa jua kali, tuta likiwa tupu na kavu, hapo ndipo uchimbe, tena kwa jembe uma, siyo la bapa. Inua bonge zima, livunje kwa mikono, okota vinundu. Vitakavyokuponyoka viache juu vianikwe. Kinundu kikikauka kabisa kinakufa. Kichague kimoja ukikate katikati ujifunze: kilicho hai ndani ni cheupe na kina maji, kilichokufa kimesinyaa, kimekuwa kahawia. Mvua ikinyesha kabla havijakauka, kazi yote imepotea, kwa hiyo tazama anga kabla ya kushika uma.

Sasa turudi uzioni kwa yale matatu ambayo kweli ni wageni. Kila moja lina mlango wake wa kuingilia, na ukiujua mlango hutahangaika na bustani nzima.

Ile nyasi ya mizizi myeupe yenye ncha kali, nadhani ni sangari au ndugu yake wa karibu, inapita chini kwa chini. Hii kaizibie mlango leo. Chimba mfereji kufuata uzio, upande wako, upana wa koleo na kina cha sentimita 30. Uache wazi. Mizizi ikifika ukingoni inatokeza hewani, nawe unapita kila wiki unaikata ncha. Kama mfereji wazi ni hatari kwa watoto, simamisha humo mabati makuukuu ukutani mwa mfereji, yapandane kidogo kwenye maungio, yatokeze juu ya ardhi sentimita tano hivi, kisha fukia. Ukiiona nyasi ikiyaruka juu, ujue umechelewa kukata. Sangari iliyokwisha kuingia ifukuze kwa uma tena, siyo jembe. Kipande cha mzizi chenye kifundo kimoja tu kinatosha kuanza maisha mapya. Shika mzizi kwa mkono, uufuate ulikokwenda kama mtu anayefumua mshono, utoke mzima. Ni kazi ya taratibu, ila kila mzizi mrefu unaoutoa bila kukatika haurudi.

Lile la soksi ni kishona nguo. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na sasa liko karibu kila pembe ya dunia yenye joto kwa kushika nguo na manyoya tu. Ichukue mbegu moja uitazame: fimbo nyeusi nyembamba, kichwani miiba miwili au mitatu, na kila mwiba una vimeno vinavyotazama nyuma kama ndoana. Mmea mmoja ulioshiba unaweza kutoa mbegu 3,000 na zaidi. Katika kichwa kimoja zimo za aina mbili, ndefu za katikati zinazoota upesi na fupi za pembeni zinazosubiri. Ndiyo sababu unapalilia leo ukapumua, kisha mwezi ujao linaota tena mahali palepale bila mbegu mpya kuingia. Mlango wa hili ni nguo. Unabandua soksi jioni, vizuri, lakini hukuniambia unazitupa wapi zile mbegu. Wengi hubandulia barazani au palepale bustanini, wakawa wanapanda kwa mkono wao. Weka kopo lenye kifuniko mlangoni, zote ziingie humo. Watoto wasicheze kando ya uzio mpaka tutakapolisafisha eneo hilo. Kama mna mbwa, mchane kabla hajapita bustanini. Upande wako, ling'oe likiwa na maua au kabla yake, kamwe usisubiri viua vigeuke vijiti vyeusi. Mbegu zake huota vizuri zikiwa juu juu, kwa hiyo matandazo mazito, unene wa kiganja kizima, huzinyima nafasi nyingi.

Na gugu karoti, ambalo kwangu mimi ndilo la kuogopwa kuliko yote matatu. Kila kile kifungo cheupe hutoa mbegu nne au tano tu, na mtu akisikia hivyo hudharau. Lakini mmea mmoja hubeba vifungo maelfu, na mbegu zake huweza kuzidi 15,000. Ni ndogo mno, hubebwa na maji ya mvua, matope ya viatu, magurudumu ya toroli, na upepo kwa umbali mfupi. Zilizofukiwa hukaa hai ardhini kwa miaka. Likiota, laweza kutoa maua ndani ya wiki nne hadi sita, basi anayepita mara moja kwa mwezi anakuta limeshazaa. Tazama maji ya mvua yanapita wapi kutoka kwake kuja kwako. Nina hakika utakuta sehemu moja au mbili za chini ambako miche yake imejazana. Inua tuta dogo la udongo hapo uyageuze maji, au tega majani makavu yachuje, kisha sehemu hiyo ndiyo uikague kila wiki. Ling'oe baada ya mvua ardhi ikiwa imelainika, mzizi utoke wote. Ukilifyeka litachipua upya shinani na kutoa maua likiwa fupi zaidi, ambapo hutaliona.

Chochote kilicho na mbegu, mizizi myeupe au vinundu kisiingie kwenye mboji yako. Mboji ya nyumbani mara nyingi haipati joto la kutosha kuviua. Mizizi na vinundu vitumbukize kwenye pipa la maji, ufunike, vioze kabisa kwa wiki kadhaa. Vyenye mbegu vifunge kwenye mfuko mweusi uuweke juani muda mrefu kabla ya kuutupa. Gugu karoti lenye maua usilichome moto, moshi na vumbi lake vitamrudia mtoto.

Nije kwenye dawa. Msipulizie. Mwambie mumeo, kwa heshima zote, alirudishe bomba stoo. Kwanza ni mali ya mtu, na kumpulizia mtu dawa shambani kwake bila idhini ni kosa, hata kama analala. Pili, upepo wa alfajiri haujui uzio. Zipo dawa za magugu ya majani mapana, kama zile za 2,4-D, ambazo mvuke wake tu hukunja majani ya nyanya yakawa kama vidole vilivyopinda, na nyanya ni miongoni mwa mimea inayoumia nazo mapema kuliko mingi. Tatu, dawa inaua kilicho kijani leo. Maelfu ya mbegu zilizo ardhini haizigusi, na mvua ya kwanza itaotesha kizazi kingine kwenye ardhi iliyoachwa wazi, isiyo na mshindani. Nne, na hili limenikaa moyoni tangu nilipolisoma: mawaridi yako ni vipando vya yule mama. Basi mama zao bado wako huko ndani ya pori. Bomba lenu lingeyaua.

Chumvi nayo hapana. Mama mkwe namwelewa, chumvi kweli inaua, lakini haichagui na haiondoki upesi. Itaoshwa na mvua iingie kwenye matuta, na mstari huo hautakubali karoti wala kitunguu kwa muda mrefu. Ndago itakuwa ya kwanza kurudi.

Kuhusu sheria, sehemu nyingi mtu anaruhusiwa kukata mizizi na matawi yaliyovuka kuingia kwake, mwisho wake mstari wa mpaka. Kuvuka mstari huo kunahitaji ruhusa ya mwenyewe. Nchi nyingi pia zina sheria za magugu hatari zinazomtaka mwenye ardhi ayaondoe, na gugu karoti limo katika orodha hizo Kenya, Australia na Afrika Kusini. Kwa hiyo ofisi ya kilimo ya eneo lako ukiipelekea mmea huo kwenye mfuko uliofungwa, huenda wakawa na la kusema, na uwaulize pia utaratibu wa kwenu. Ila sitakushauri uanzie huko. Barua ya serikali ikimfikia mzee huyu, atakuja kijana na fyekeo, afyeke kila kitu kwa saa mbili, na gugu karoti litachipua upya mwezi huohuo. Wewe hutakuwa umepata kitu, na yeye atakuwa amenyang'anywa kilichobaki.

Maana sikiliza alichokujibu. "Hiyo bustani si yangu, ni ya mama." Wewe ulisikia mtu anayekwepa. Mimi namsikia mtu asiyejua ashike nini humo ndani, asije akang'oa alichokipanda marehemu. Kwa mume ambaye hakuwahi kulima, mche wa ua na mche wa gugu ni kitu kimoja. Akishika panga ataufyeka mkono wa mkewe. Akiacha, linakuwa pori. Ameacha. Pengine nimemfikiria vizuri kupita alivyo, lakini njia ya kujua ni moja tu.

Nenda kwake jioni, mlangoni, usiseme naye tena ukiwa ng'ambo ya uzio. Nenda peke yako, bila mume wala bomba. Anza kwa kumwomba radhi kwa ile siku, kwa kuwa ulimpigia kelele akiwa barazani kwake na watu wakisikia, na mtu wa umri wake hilo halikumpita. Kisha mpelekee ua moja la waridi lako. Mwambie, "Baba, hili alinikatia mama. Nadhani shina lake bado lipo kule ndani, nami naogopa magugu yatalimaliza. Naomba uniruhusu niingie nawe tulitafute."

Usitaje hasara yako kwanza. Itakuja yenyewe, tena huenda akaitaja yeye.

Akikubali, ingieni na vitambaa vya rangi kali, nyekundu au njano, vilivyochanwa vipandevipande. Kila mmea wa mama mtakaouona, ufungieni kitambaa kabla ya kung'oa hata jani moja. Wewe ndiye unayeujua mkono wake, mlikuwa mkipeana miche, kwa hiyo wewe onyesha, yeye afunge. Siku hiyo ishieni hapo. Mtaalamu yeyote wa bustani angekuambia mpoteze muda mchache kwenye vitambaa na mwingi kwenye magugu, nami kwa bustani nyingine ningesema hivyohivyo. Kwa hii hapana. Vitambaa vikishafungwa, kila kisicho na kitambaa kinaweza kuondoka, na yeye mwenyewe ataweza kushika panga bila hofu, au akakuachia wewe.

Halafu omba ukanda mmoja tu: mita mbili kutoka uzioni, upande wake. Usiombe bustani nzima, hutaiweza pamoja na ndago yako, na ukiahidi ukashindwa utamvunja moyo mara ya pili. Ukanda huo ung'olewe gugu karoti na kishona nguo kila wiki mbili kabla ya kuzaa, ufunikwe matandazo, na mfereji wako ufanye kazi yake. Mbegu nyingi za kishona nguo huanguka karibu na mama yao, na kinachowavusha ni nyinyi mnaopita mkigusa. Mita mbili zitakupunguzia mengi. Lile pori la nyuma litasubiri. Akitaka mwenyewe mkasogea mita nyingine msimu ujao, vema.

Na akikataa? Basi amekataa, usimbishie. Mwachie waridi, urudi kwako, uchimbe mfereji, uyageuze maji, uweke kopo la mbegu mlangoni. Hayo yote yako upande wako na hayahitaji ruhusa ya mtu. Rudi tena baada ya mwezi na ua jingine.

Usichelewe, lakini. Umeniandikia kwamba viua vyeupe vimeshafunguka, na kila wiki inayopita vinamwaga. Kama barua hii imekufikia asubuhi, waridi likate jioni hiihii, umpelekee likiwa bado na umande wa ndoo, na glavu chukua jozi mbili.